Tollymore au Castlewellan: msitu upi kwa matembezi mepesi?

Misitu hii miwili ya Ireland ya Kaskazini iko jirani, kwenye upande wa milima ya Mourne, na yote ilikuwa mashamba ya mabwanyenye.

Tollymore, mali ya zamani ya ukoo wa Roden, ilifunguliwa kwa umma mwaka 1955. Jumba lenyewe lilibomolewa, kwa hiyo usihangaike kulitafuta; uhondo uko mtoni. Njia ya mto Shimna, kilomita tano hivi, inakupitisha kwenye madaraja ya mawe, mawe ya kuvukia, na Hermitage, kijumba cha mawe kilichobanwa kwenye genge juu ya maji. Mizizi na matope hayakosi. Ndala ziache nyumbani.

Castlewellan, kwa akina Annesley, kasri bado limesimama. Kuzunguka ziwa ni kama kilomita nne, njia tambarare kiasi. Watoto watafurahia kupotea kwenye mzingile wa miti uliofunguliwa 2001.

Ukiongozana na bibi, au unasukuma kigari cha mtoto, nenda Castlewellan. Mimi nikiwa peke yangu, ni Shimna tu, hasa mvua ikishanyesha na mto unanguruma.