Honi ya pikapu ya zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kona ambazo huoni gari linalokuja mpaka mkutane uso kwa uso. Kule honi hutangulia, gari likafuata. Nimeshusha kabichi na karoti kwa Hilux ya dizeli ya 1994 kwa miaka mingi, na siku niliyokutana na lori la mbao konani, honi yangu ilitoa sauti ambayo hata kijana aliyekaa nyuma juu ya magunia hakuisikia. Tuliponea ukingoni. Tangu siku hiyo honi kwangu ni sawa na breki, na ninayoandika hapa nimeyapata kwa kununua, kufunga na kufungua tena.

Kabla hujatoa hela, mwombe fundi umeme apime volti zinazofika kwenye honi wakati kitufe kimebonyezwa. Kwenye pikapu za umri huu betri inaweza kuwa na volti 12 na ushee, lakini kwenye honi zikafika 9 au 10 tu. Nyingine zimepotelea njiani: waya umechakaa, viunganishi vimeota kutu, au mahali honi inaposhikana na bodi pamejaa rangi na matope. Hata honi ya bei kubwa ukiifunga kwenye waya huo italia kinyonge. Angalia pia mgongoni mwa honi bapa ya zamani, ile yenye umbo la sahani. Nyingi zina skrubu ndogo ya kurekebisha sauti. Izungushe robo mzunguko, sikiliza, zungusha tena. Volti zikiwa sawa, skrubu umeshaichezea, na bado honi inakwaruza, hapo nenda dukani.

Ninayoiweka namba moja, na sioni ya kushindana nayo kwa pikapu, ni jozi ya honi za konokono. Zimepewa jina hilo kwa sababu koo lake limejizungusha kama gamba, na sauti inakua ikipita humo kabla ya kutoka mdomoni. Moja ni nzito, kwenye hezi 400 hivi (hezi ni kipimo cha wembamba au uzito wa sauti), nyingine nyembamba, karibu na hezi 500. Zikilia pamoja, sikio halizichanganyi na kelele za injini wala za kiwanda. Kampuni kama Hella na Bosch zinatengeneza jozi za namna hii, na mbili pamoja zinakula ampia 10 hivi. Bei ya jozi nzuri haifiki ya tairi moja jipya la pikapu.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Unauziwa boksi lenye honi mbili zinazofanana kwa macho, ukifika nyumbani zote zinatoa sauti ileile. Jozi halali ina herufi L kwenye honi nzito na H kwenye nyembamba. Usiishie kwenye herufi. Mwambie muuzaji aguse kila moja peke yake kwenye betri, usikie mwenyewe tofauti. Akikataa kujaribu, ondoka. Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, hukosi duka la pili.

Namba mbili ni jozi ya honi bapa iliyotumika, iliyotoka kwenye gari dogo la Kijapani. Denso zinapatikana kwa wauza spea used, na ni ngumu kwelikweli. Hazina mdomo mpana wa kuteka maji, zinaingia kwenye nafasi finyu nyuma ya grili, na bei ni nafuu. Sauti yake haifiki mbali kama ya konokono, ila kwa anayezunguka mjini na shambani inatosha kabisa. Mwenye bajeti ndogo akianza na hii, nitamuunga mkono.

Honi ya upepo yenye kompresa yake ndogo naiweka ya tatu, najua wengi watanipinga. Mfano unaojulikana ni Stebel Nautilus, yenye desibeli 139 kwenye boksi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Namba hiyo inapimwa sentimita 10 kutoka mdomo wa honi. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi. Ukifika mita 2, desibeli kama 26 zimeshaondoka, umebaki na 113. Kanuni namba 28 ya Umoja wa Mataifa inapima honi za magari kwa mita 2, ikitaka kati ya desibeli 105 na 118, na konokono nzuri iko humohumo bila kukudai ampia 18 wala mota ya kuvuta vumbi la barabara ya changarawe. Ukiitaka kwa sauti yake nzito, sawa, lakini ipe waya wake mnene na fyuzi yake.

Honi moja mpya bapa ya bei ya chini kabisa ni ya dharura tu. Za lori ziache: nyingi ni za volti 24, na pikapu yako ni 12. Za nyimbo na ving'ora nazo ziache. King'ora ni cha ambulansi, zimamoto na polisi.

Chochote utakachochagua, nunua na rilei ya pini nne, yaani swichi ndogo inayowashwa na umeme kidogo wa kitufe ili ipitishe umeme mkubwa wa honi. Hili sitalilegeza. Pini namba 30 inapokea umeme moja kwa moja kutoka betri, ukipitia fyuzi ya ampia 15 au 20 iliyofungwa karibu kabisa na betri. Namba 87 inapeleka kwenye honi. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5. Kama honi ya zamani ilikuwa na nyaya mbili, mmoja uende 85 na mwingine 86. Kama ilikuwa na mmoja, huo uende 86, na 85 ishikwe kwenye bodi. Waya wa zamani unabaki kuwa mjumbe tu, na kitufe cha usukani hakiungui.

Midomo ya konokono itazame chini, la sivyo mvua ya kwanza na maji ya kuoshea gari vitatuama ndani. Honi ifungwe kwa kile kibapa chake cha chuma, isiguse bodi wala rejeta, kwa maana inahitaji nafasi ya kutetemeka. Ukimaliza, mweke mwenzako kwenye gari lililofungwa vioo, redio ikiwa juu, nyuma ya kona. Piga. Akikuambia ameisikia, mlipe fundi.