Kabla hujalipia koti London, vuta zipu

Zipu iliniachia kituoni Lewisham, mwezi wa Novemba, saa kumi na moja jioni. Giza lilikuwa limeshaingia na mvua ni ile ya London, hainyeshi wala haikatiki. Nilipandisha kichwa cha zipu hadi shingoni nikajiona nimejisitiri, kumbe huku chini meno yanaachana moja baada ya jingine mpaka tumbo likabaki nje. Nikajaribu kukishusha, kikagoma katikati. Nikakilazimisha, kikabaki mkononi. Basi lilipokuja nilipanda nimelikumbatia koti kama mtu mwenye msokoto wa tumbo. Lilikuwa na siku 19 tangu nilinunue.

Duka silitaji. Lipo Oxford Street, nilitoa pauni 55, na kilichonidanganya ni bitana yake inayoteleza kama hariri. Niliporudi nalo, kijana wa kaunta alilishika kwa vidole viwili akasema zipu ni uchakavu wa kawaida. Uchakavu wa siku 19! Kandambili za Kariakoo zina adabu kuliko hivyo. Akaniuliza risiti, sina. Nikaondoka. Fundi wa mtaani kwetu akanitoza pauni 28 kuweka zipu mpya, zaidi ya nusu ya bei ya koti lenyewe, na akanipa miadi ya wiki nzima. Wiki nzima ya Novemba bila koti. Fundi wa Magomeni angeimaliza nikiwa nimekaa hapo hapo barazani, kwa elfu chache, na habari za mtaa nikapewa bure.

Kwa hiyo mwongozo huu unaandikwa na mtu mwenye kinyongo, mjue mapema.

Wadogo zangu mnaokuja kusoma kila Septemba mnaniuliza swali lile lile: da, koti la baridi ninunue wapi? Mnauliza rangi, mnauliza joto, mnauliza kama litatoka vizuri pichani. Joto sitalizungumzia. Ndani ya duka lenye hita kila koti lina joto, na baridi ya London si ya Moscow. Hapa wanaokuumiza ni upepo na unyevu, na wote wawili wanapitia mlango mmoja, pale mbele. Koti la manyoya ya bata lisilofunga ni shuka tu.

Sasa zipu. Geuza kichwa chake usome. Ukikuta herufi YKK, hiyo ni kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa na Tadao Yoshida mwaka 1934. Herufi hizo hazikuhakikishii kwamba koti ni zuri, lakini zinakuambia kwamba aliyelishona hakubania pale wengi wanapobania. Mara nyingi nyuma ya kichwa kuna namba pia. Inaendana na upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa kukadiria milimita. Namba 3 ni ya sketi na mikoba. Kwenye koti nataka 5 kwenda juu, na lile lililovimba kama godoro nataka 8 au 10.

Ukimaliza shuka chini kabisa. Zipu nyingi za makoti zinafia chini, pale kijiti kinapoingia kwenye kijumba chake. Kichomeke na kukichomoa mara kumi. Muuzaji akikukodolea macho, mwache akodoe. Fanya tena ukiwa umevaa glavu, maana Januari utakuwa nazo. Halafu keti. Namaanisha keti kweli, ndani ya chumba cha kujaribia nguo, koti likiwa limefungwa lote. Koti refu lenye zipu ya kichwa kimoja, ukikaa, linakaza mapajani na kuyavuta yale meno ya chini. Ndivyo langu lilivyokufa, asubuhi na jioni kwenye kiti cha basi. Zipu ya vichwa viwili inakuruhusu kufungua kidogo kutoka chini, ukakaa kwa raha. Mwisho tazama kama kuna ukanda wa kitambaa unaoifunika zipu, wenye vifungo vya kubonyeza. Siku zipu ikikata roho, vifungo hivyo vitakufikisha nyumbani.

Haya, maduka.

Namba moja ni Marks & Spencer, na sijifanyi hakimu asiye na upande. Nawapenda. Michael Marks alikuwa mhamiaji Myahudi kutoka Dola la Urusi, akitembeza bidhaa, kisha mwaka 1884 akafungua meza sokoni Leeds, kila kitu peni moja. Mmachinga mwenzetu huyo. Thomas Spencer aliingia ubia baadaye, mwaka 1894. Sasa nenda tawi la Marble Arch, upande wa mwisho wa Oxford Street, utafute makoti marefu yenye lebo ya Stormwear, yaani kitambaa kilichotiwa dawa ya kuteremsha maji. Langu lina zipu ya vichwa viwili, ukanda wa kufunika, na vifungo vitano vya kubonyeza. Huu ni msimu wake wa nne. Nililipa karibu pauni 90, na nilipolipa moyo uliniuma, lakini ukigawanya kwa misimu minne unaona hesabu yenyewe. Ukibadili mawazo una siku 35 za kurudisha likiwa jipya. Vijana wanasema ni duka la mashangazi. Ndiyo. Mashangazi hawatembei wamekumbatia tumbo kituoni Lewisham.

Namba mbili itawashangaza: maduka ya hisani, yale yanayouza nguo zilizotolewa sadaka, Oxfam, British Heart Foundation na wenzao. Usiende ya mtaani kwenu kama mtaa wenu ni kama wangu. Panda treni uende Chelsea, Hampstead au Marylebone, ambako watu wanatoa sadaka makoti ambayo mimi na wewe tungeyarithisha. Sababu yangu ni zipu tena. Zipu ya koti la mtumba imeshafanya mtihani. Ikiwa imefunguliwa na kufungwa misimu mitano na bado inateleza, haitakufia wewe. Nenda katikati ya wiki asubuhi, kabla wajanja hawajafika. Nguo zisizouzika katika maduka haya nyingi zinafungwa marobota na kusafirishwa, na baadhi yake ndizo zinazofunguliwa masokoni Karume, Dar, na Gikomba, Nairobi. Nina mdogo wangu alinunua koti lake Karume kabla ya safari, akafika nalo hapa, mfukoni akakuta tiketi ya basi ya Uingereza. Koti limerudi kwao likiwa na pasi ya kusafiria ya Tanzania.

Tatu, Uniqlo. Jaketi zao nyembamba za manyoya ya bata zinakunjwa zikaingia kwenye kifuko kidogo, na la kwangu limeandikwa YKK. Zipu yake siidai kitu. Ila vipimo vyao vimekatwa kwa watu walionyooka kama rula. Sisi wenye nyonga tunachukua saizi moja juu, mabega yanabaki yananing'inia. Livae ndani ya koti jingine Januari, usilitegemee peke yake kwenye mvua.

TK Maxx naiweka ya nne kwa sababu ni bahati nasibu. Makoti ya kampuni thelathini kwenye reli moja, kila moja na zipu ya kwao. Ukiwa na saa mbili na uvumilivu wa mtu anayechambua mchele, unaweza kutoka na koti la maana kwa nusu bei. Nikiwa na njaa siingii.

Primark: soksi, glavu, vesti za ndani. Tuendelee.

Masoko ya mtaani nayapenda, lakini si kwa makoti. Petticoat Lane siku ya Jumapili ni ya kutembea na kusikia kelele za wauzaji, na pale Wentworth Street kuna maduka ya vitenge yatakayokufanya usahau umefuata nini. Shepherd's Bush nenda kwa vitambaa na sufuria. Ridley Road, Dalston, nenda kwa nyama ya mbuzi na ndizi. Kwenye meza ya soko hakuna kiti cha kukalia wala chumba cha kujaribia, na ukirudi wiki ijayo meza inauza vifuniko vya simu. Harrods, duka la matajiri, mnaniuliza pia. Nendeni, mpige picha, mtoke.

Dada mwembamba, una siri moja ambayo mimi siwezi kuitumia tena. Nguo za watoto walio chini ya miaka 14 hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani, wakati zetu sisi wakubwa zimebeba asilimia 20 ndani ya bei. Koti la msichana wa miaka 13, lenye zipu ile ile na vifungo vile vile, linaweza kukukaa sawasawa na kukubakishia hela ya chakula cha wiki. Hakuna atakayekuuliza cheti cha kuzaliwa.

Na kwa kuwa tumeitaja kodi: wanaokuja kutembea, msisimame kaunta na pasipoti mkidai mrejeshewe. Utaratibu wa kuwarudishia wageni kodi ya vitu walivyonunua dukani na kuondoka navyo ulifutwa England, Scotland na Wales tangu mwanzo wa mwaka 2021. Paris bado upo. Ndiyo maana wenye nazo siku hizi wanavuka kwa treni kwenda kununua mikoba kule, halafu wenye maduka wa London wanalalamika magazetini. Bei lakini hawakushusha.

Jumapili nako kuna kituko. Sheria ya mwaka 1994 inaruhusu maduka makubwa kuuza kwa muda wa saa sita tu siku hiyo. Oxford Street utakuta milango wazi saa tano na nusu asubuhi, unachagua, unajaribu, unafika kaunta, unaambiwa hatuuzi mpaka saa sita mchana. Unasimama na koti lako mkononi kama umekamatwa.

Sasa lile lililonifanya nilie machozi ya hasira mwezi mmoja baada ya kumlipa fundi. Sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inasema bidhaa ikiwa na kasoro, una siku 30 za kuirudisha na kudai hela yako yote. Mimi nilikuwa siku ya 19! Ukipitisha siku hizo 30, duka lina nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na ndani ya miezi sita ya mwanzo ni wao wanaopaswa kuthibitisha kwamba kasoro haikuwapo ulipolinunua. Na risiti si lazima iwe ile karatasi. Taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya kadi inatosha kuwa ushahidi. Yule kijana ama hakujua ama alijua sana. Nilikuwa na simu mkononi, na malipo ya pauni 55 yalikuwa mle ndani ya programu ya benki, na bado nilisema "asante" nikaondoka. Sisi tumelelewa kutogombana na mwenye duka, na hapa adabu hiyo inakula kwako.

Ila ujue mipaka: kasoro ni kitu kimoja, kubadili mawazo ni kingine. Ukinunua dukani ukafika nyumbani ukaona rangi haikufai, sheria hailazimishi duka kulipokea. Ni hiari ya duka, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Ukinunua mtandaoni una siku 14 tangu mzigo ukufikie za kusema sitaki, bila kutoa sababu.

Msingoje Januari mkisema kutakuwa na punguzo. Lipo, linaanza tarehe 26 Desemba watu wakiwa bado wamevimbiwa, lakini Novemba itakuwa imeshawanyoosha. Nunua la kwanza Oktoba, la pili Januari.

Jumamosi iliyopita nimempeleka mdogo wangu wa tiketi ya basi pale Marble Arch, maana koti lake la Karume ni la mvua tu. Nimemhubiria tangu kwenye treni. Akavaa matano, akakaa kwenye kiti kama nilivyomwelekeza, akachagua la rangi ya haradali, refu, kichwa kimoja, bila ukanda. Tukabishana hadi mama mmoja wa pembeni akaanza kucheka. Akalinunua. Nimempa kipande cha mshumaa awe anapaka kwenye meno kila Jumapili, na namba ya fundi wangu.