Kitini cha masomo ya vijana: kwenye wokovu kiko vizuri, kwenye wema kinapwaya

Bwana asifiwe wapendwa. Walezi wa vijana mlioniuliza kuhusu kile kitini cha shilingi 6,000, nunueni ila msikifundishe kilivyo. Sisi tumekitumia hapa Bagamoyo, na ntaongelea somo moja tu, lile la kama mtu mwema naye anahitaji wokovu, maana ndo lililowasha moto.

Maandishi makubwa, kiswahili kinasomeka, na zoezi la kuanzia ni tamu kwelikweli: kila kijana anajipa maksi za wema kati ya 10 kwenye kikaratasi bila jina, mnabandika ukutani. Kwetu wengi walijipa 7 na 8, afu mnafungua Luka 18, Farisayo anayejisifia wema wake na mtoza ushuru anayeomba rehema wanasali hekaluni, kikapita kimya kidogo kisha kicheko, mmoja akaomba arudishiwe kikaratasi chake arekebishe. Ukishafika hapo Warumi 3:23, kwamba wote wametenda dhambi, haihitaji maelezo mengi.

Shida sasa ni kwenye wema. Kitini kinanukuu Waefeso 2:8-9, tumeokolewa kwa neema si kwa matendo, kinaishia hapohapo, ule mstari wa 10 unaosema tuliumbwa tutende matendo mema haupo kabisa! Na mifano yake ni ya hukohuko ilikotafsiriwa, eti kijana anamzolea jirani theluji mlangoni, theluji Bagamoyo jamani. Tena ni kama kila jirani duniani ni Mkristo, wakati sisi huku majirani zetu ni Waislamu na mwezi wa Ramadhani ndo wanaotuletea futari. Kwahiyo swali lilikuja lenyewe, binti mmoja akauliza, je yule bibi wa jirani aliyekuwa anabaki naye mama yake akienda sokoni, Mwislamu, wema wake Mungu hauoni? Kitini kina jibu la mstari mmoja, kwamba wema hautoshi. Mjibu hivyo binti wa miaka 16 uone kama jumapili ijayo atarudi.

Nikakiweka pembeni tukaenda Matendo 10, Kornelio, mtu wa sala na sadaka, sala zake zimefika mbele za Mungu na bado Petro anatumwa akamhubirie Yesu, yote mawili yako kwenye sura moja na wala hayagombani. Afu nikawakumbusha Abdullah Susi, yeye na Chuma na wenzao ndo walioubeba mwili wa mmisionari David Livingstone toka Chitambo, Zambia ya leo, mpaka misheni hapahapa kwetu Februari 1874, na Susi wakati huo hata ubatizo hajapata. Hapo ndo wakachangamka maana misheni wanapita kila siku, wakabishana mpaka mzee wa zamu akaanza kutikisa funguo mlangoni.

Kitini nakipa nyota 3 kati ya 5. Dakika 45 walizoandika hazitoshi, tengeni saa moja na nusu. Na vile vitabu vya vijana vya kujaza nafasi msihangaike navyo, pini zinaachia mapema, daftari la kawaida linatosha.