Nimebadilishiwa alteneta, taa ya betri ikabaki inawaka: gereji hii ya Mwanza imenikera

Gereji yenyewe sitaitaja, ila wenye magari upande wa Nyakato wengi wanaijua, maana haikosi foleni. Nilikwenda pale na Probox yangu ninayobebea sato kutoka Mwaloni Kirumba. Wateja wangu wako Buhongwa, Usagara, na siku hizi hadi Sengerema. Alteneta, yaani mashine inayozalisha umeme na kuchaji betri injini ikiunguruma, ilikuwa imekufa kweli, hilo sibishi: taa za mbele zilififia, gari ikawa haiwaki mpaka ibustiwe. Wakatoa ya zamani, wakafunga ya mtumba. Mkanda wakaukaza vizuri, bei hawakunilalia. Hadi hapo nilikuwa nimeridhika kabisa.

Nikapiga staa. Ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ikabaki inawaka.

Kila dereva anajua: ukifungua switi kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake, na injini ikishika inazima. Yangu haikuzima, hata nilipokanyaga mafuta. Fundi kijana akachungulia dirishani akasema, "Betri yako imekufa, dada. Ndani zipo mpya." Hajafungua boneti, hajashika mita. Nikamwambia apime kwanza. Nilichouliza si kigumu: volti ngapi injini ikiwa imezimwa, volti ngapi ikiwa inaunguruma. Basi.

Akachukua spana, akaenda kulegeza kichwa cha hasi cha betri huku injini inaunguruma!

Nilipiga kelele, na sioni aibu kusema. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye alteneta. Ukiichomoa ghafla wakati alteneta inasukuma, volti zinaruka juu mno, na kinachoweza kuungua ni regyuleta inayodhibiti volti za alteneta, dayodi zilizo ndani yake, au kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Jamani, kontroli boksi! Nimekaa na magari miaka mingi, na kila fundi umeme mwenye akili timamu niliyekutana naye amenionya kuhusu jambo hilo. Kijana hakusimama. Akachomoa, akanigeukia na kunijibu hivi: "Dada, umeme wa gari siyo pasi ya nyumbani. Kamlete shemeji nimweleze."

Wenzake waliokuwa chini ya Noah ya jirani wakacheka.

Shemeji gani? Kadi ya gari ina jina langu. Mafuta naweka mimi, bima nalipa mimi, na hela ya alteneta walihesabu kutoka mkononi mwangu bila kuuliza shemeji yuko wapi. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko mwili unachemka. Na kibaya zaidi, jibu lilikuwa mbele ya macho yake: betri imechomolewa na injini bado inaunguruma. Maana yake alteneta inatoa umeme. Badala ya kujiuliza kwa nini basi taa inawaka, akarudi palepale kwenye betri mpya. Ile taa ina picha ya betri lakini haipimi uzima wa betri, inaangalia mfumo wa kuchaji. Nilikataa kununua. Wakaibeba betri yangu kwenda "kuichaji", wakairudisha, wakaiandika kwenye bili. Taa bado inawaka. Nikalipa niondoke, kwa sababu samaki hawasubiri.

Mteja wangu mmoja akanielekeza kwa mzee wa umeme wa magari, Mabatini. Hana bango, ana meza, mita na boksi la fyuzi. "Mwadila mayu," akanisalimu kwa Kisukuma (mayu ni mama), kisha akaniuliza nini kimefanyika kabla taa haijagoma kuzima. Swali hilo peke yake lilinipunguzia nusu ya hasira.

Akapima injini ikiwa imezimwa: 12.5. Akawasha: 14.2. Akaniambia niwashe taa kubwa, feni na kiyoyozi vyote kwa pamoja, ikashuka kidogo tu chini ya 14. "Mayu, betri yako nzima, na inachajiwa." Akanionyesha soketi ndogo nyuma ya alteneta. Ina waya tatu. Mmoja unaleta umeme wa switi ili regyuleta iamke. Wa pili, wenye alama ya L, ndio unaokwenda kwenye taa ya dashibodi. Wa tatu, S, unatoka kwenye betri kuja kuiambia alteneta betri ina volti ngapi, na unapitia kwenye fyuzi yake yenyewe, kwangu ya ampea 7.5. Regyuleta ya gari hili ikiona S haina kitu, inaendelea kuchaji kwa kubahatisha kutoka kwenye waya wake mnene, na inawasha taa kukuonya.

Akafungua boksi la fyuzi. Ile ya S imeungua.

Akafuata waya mpaka karibu na soketi, akakuta ngozi imechubuka. Walifunga alteneta bila kuondoa hasi ya betri, waya ulio wazi ukagusa bodi, fyuzi ikakatika. Hasi ilitakiwa kuondolewa mwanzoni, injini imezimwa, wao wakaiondoa mwishoni, injini inaunguruma! Mzee akaufunga waya, akaweka fyuzi mpya ya bei ya soda, nikapiga staa. Taa ikazima.

Kwa nini nisumbuke wakati gari ilikuwa inachaji? Kwa sababu taa ikikaa inawaka muda wote, siku alteneta itakapokufa kweli utaijuaje? Mimi hurudi kutoka Sengerema usiku. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, unapita moja kwa moja, kilomita 3 juu ya maji. Sitaki kuzimikiwa taa za mbele pale katikati, malori nyuma yangu.

Nilirudi gereji kumweleza mwenye nayo. Nilitegemea walau pole. Akasema, "Si taa imezima? Sasa unadai nini?"

Niwe mkweli: alteneta waliyonifungia inafanya kazi hadi leo, na milima ya Bugando inapanda na mzigo bila shida. Kwa kufunga tu ningesema nendeni, ila umeme pelekeni kwingine. Nilikusudia kuandika hivyo. Lakini hapana, naondoa hilo neno. Waya walichubua wao katika kufunga huko huko, na fundi anayechomoa betri injini ikiunguruma siku moja atamuunguzia mtu kontroli boksi, kisha atamwambia akamlete mumewe. Msiende, hata kwa pancha.

Na hela ya kuchaji betri iliyokuwa nzima bado naidai. Bili ninayo.