Betri ya jeli ya ampea-saa 100, baada ya miezi sita Wete

Tangu 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Hata hivyo umeme hukatika, na nyumba yangu ya Wete, ambamo mama yangu mzee hapati usingizi bila ya feni, haikuweza kukaa bila ya betri. Rajabu iliyopita nilinunua Chake Chake betri ya jeli (ambayo tindikali yake imegandishwa ikawa jeli) ya volti 12 na ampea-saa 100 kwa shilingi 350,000. Sasa tumo Mfunguo Nne, na nadhani muda huo unatosha kuitolea hukumu.

Sikutaka kurudia betri ya gari, ambayo fundi mmoja aliwahi kuniuzia akisema kwamba betri zote ni mamoja. Ni kweli kwamba zote mbili zinafuata kanuni ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859: sahani za risasi na sahani za oksidi ya risasi hukaa ndani ya tindikali ya salfa, risasi ikiungana na tindikali huachia elektroni, na kwa kuwa elektroni hizo hazina njia ndani ya tindikali, hutoka kwa upande wa ncha hasi, zikapita kwenye taa na feni, ndipo zikarejea kwa upande wa ncha chanya. Kwa hivyo umeme haumo ndani ya betri kama maji yalivyomo mtungini, bali huzalishwa pale unapowasha. Chumba kimoja cha betri hutoa takriban volti 2, na vyumba 6 vilivyoungwa kwa kufuatana hutoa 12. Tofauti imo katika sahani. Za betri ya gari ni nyembamba, zikakusudiwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, na zikimalizwa chaji usiku baada ya usiku hushikwa na ukoko mgumu wa salfeti ya risasi. Ile yangu haikumaliza mwaka. Za betri hii ni nene, na kijana aliyenipandishia ngazini zile kilo zake karibu 30 hakuhitaji kuelezwa.

Ampea-saa 100 zilizoandikwa ubavuni maana yake ni ampea 5 kwa saa 20. Taa zangu na feni hutumia jumla ya wati 60, na wati 60 kwa volti 12 ni hizo hizo ampea 5. Niliviwasha kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, nikazima, nikaiacha betri ipumzike, kisha nikapima: volti 12.2, yaani chaji imebaki karibu nusu, kama hesabu inavyotaka. Lebo nyingi za siku hizi hazifiki hapo. Mimi sivuki nusu, kwa sababu kadiri betri ya risasi inavyomalizwa zaidi ndivyo umri wake unavyopungua, na nimeiweka ukumbini upande wa kivuli, kwani joto nalo huichosha mapema.

Lawama yangu ni kwa duka, ambalo sitalitaja. Waliniuzia pamoja na betri waya wa milimita mraba 1.5, nao wakijua kwamba chumba cha mama kiko mita 10 kutoka betri ilipo. Kwenda na kurudi ni mita 20, zenye ukinzani wa takriban omu 0.24, zidisha kwa ampea 5, na volti 1.2 zimepotea njiani zikiupasha waya moto bure. Feni ilizunguka kwa uvivu, na muuzaji, nilipomrejea, akailaumu feni. Nilinunua kwengine waya wa milimita 6, upotevu ukashuka hadi volti 0.3, na feni ileile ikaamka.

Jambo jengine ni ncha zake, ambazo hewa ya chumvi ilizitia kutu ya kijani ndani ya miezi mitatu. Kutu huzuia mkondo vilevile kama waya mwembamba. Nilizifungua, nikazisugua kwa brashi, nikazipaka grisi.

Kwa betri yenyewe ningelipa bei ileile tena. Waya ningekwenda nao wangu. Leo alfajiri, kabla jua halijagusa paneli ya sola inayoichaji na baada ya usiku ambao umeme haukukatika, mita imesoma volti 12.8.