Barua ya ruhusa ya wazazi, Lubumbashi hadi Johannesburg: uzoefu wangu

Binti yangu ana miaka 15. Shangazi yake anaishi Johannesburg, akamwita kwa likizo kubwa. Mimi nina duka langu hapa Lubumbashi, baba yake anafanya kazi Kolwezi, kwa hiyo mtoto alikuwa wa kupanda ndege peke yake. Tiketi tuliipata kwa siku moja. Makaratasi yalikula wiki tatu.

Nianze na kosa langu. Kuna jamaa mmoja, wale wanaozungukazunguka karibu na maofisi na faili la plastiki kwapani. Akaniambia, "Mama, sinyatire (saini) yako peke yake inatosha." Nikamtolea dola 30. Barua ikatoka mbio, mihuri miwili, inapendeza macho. Dirishani kwenye viza ikarudishwa hata kabla sijakaa.

Tangu Juni 2015 Afrika Kusini inataka mtoto wa chini ya miaka 18 anayesafiri bila wazazi awe na ruhusa ya wazazi (dirishani waliitaka ya wote wawili), cheti cha kuzaliwa chenye majina yao, barua ya yule atakayempokea, na nakala ya kitambulisho au paspoti ya huyo mpokeaji. Mzazi mmoja akiwa amefariki, unaleta cheti cha kifo. Mume wangu hajafa. Yuko Kolwezi, na Kolwezi si kaburi.

Basi ikabidi aje. Notari, yule afisa anayethibitisha saini, anataka msaini mbele yake, hapokei karatasi iliyosainiwa nyumbani. Baba watoto akaomba siku moja kazini, akatoka alfajiri, kilomita kama 300, akafika na vumbi hadi kwenye kope.

Karani aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, na rula mkononi. Akaiweka rula chini ya kila jina kwenye barua, halafu chini ya jina lilelile kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Akafika kwenye postnome ya mume wangu, yaani jina la pili kati ya yale matatu ya kwetu, akasimama. "Papa, hapa kuna h. Kule hakuna." Herufi moja! Barua ikapigwa upya kutoka mwanzo. Nilimchukia yule mama kwa dakika kumi hivi, kisha nikaelewa. Binti yangu amepewa jina la bibi yake. Halifanani na la baba wala na langu. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, lakini mgeni akiona paspoti tatu zenye majina matatu tofauti atadhani mtoto ameibwa. Kinachotuunganisha sisi watatu ni cheti cha kuzaliwa tu. Sisi tulimwandikisha ndani ya zile siku 90 za sheria. Jirani yangu, aliyechelewa, alianzia mahakamani.

Makaratasi yetu ni ya Kifaransa, kwa hiyo kuna tafsiri ya Kiingereza pia, ya mfasiri aliyeapishwa. Mwanafunzi wa chuo anayejua Kiingereza hasaidii hapo, hata kama ni mpwa wako.

Kwa notari natoa nyota nne. Ya tano naikata kwa sababu umeme ulikatika, nikavuka barabara mara tatu kutafuta fotokopi. Yule jamaa wa dola 30 hana nyota. Siku hizi tukikutana anavuka upande wa pili.

Siku ya safari, pale Luano, uwanja wetu wa ndege, afisa wa uhamiaji aliisoma barua yote, mstari kwa mstari.

"Mama, papa yake iko wapi?"

"Kolwezi."

"Piga."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Iliita mara ya kwanza, ya pili. Moyo ulikuwa kooni. Mara ya tatu ikapokelewa, malori ya mgodi yananguruma nyuma. "Njo mimi! Ni mutoto yangu, mumuachilie aende!" Foleni nzima ikacheka, na muhuri ukagonga.

Johannesburg nako walimpigia shangazi, aliyekuwa anasubiri nje, wakamuuliza anampokea nani. Akataja lile jina tunalomwitia nyumbani, ambalo haliko kwenye karatasi hata moja. Wakamuuliza tena. Ndipo akafungua WhatsApp, akatafuta picha ya cheti niliyomtumia, akawasomea yote matatu: jina, postnome na prenome, lile la kwanza.