Mlima au mchanga kwa mazoezi ya farasi wa masafa marefu?

Wanaojiandaa kwa Tevis Cup, mbio za farasi za kilomita 160 za milima ya California ndani ya saa 24, huapia mlima. Wa Falme za Kiarabu husifu mchanga, na kwao hakuna cha kuchagua sana.

Kwa pumzi, mlima unashinda. Mpandishe kwa mwendo wa matiti (mbio za polepole) dakika 3, mapigo ya moyo yafike 160 hivi, mteremshe akitembea, rudia mara 4. Yasiposhuka chini ya 100 kabla ya kupanda tena, yatosha kwa leo. Ubaya uko mteremkoni: uzito huangukia miguu ya mbele, na tandiko likiteleza hadi mabegani, ngozi huchubuka.

Mchanga mgumu wenye unyevu hupunguza kishindo kwenye viungo, tena hauna mawe ya kuumiza kwato. Ule wa kuzamisha kwato ni hatari: kano za nyuma ya mguu huvutika kila hatua na kuchoka kabla ya moyo. Anza na dakika 10 za kutembea, mara mbili kwa wiki. Kesho yake pitisha kiganja kwenye kano. Ukikuta joto au uvimbe, apumzike.

Moyo huimarika kwa miezi 3 hivi. Kano hutaka zaidi ya 6. Aliyewahi kuumia kano, mpe mlima wa mwinuko mdogo. Mwenye viungo vibovu vya mbele, mchanga mgumu. Mzima wa yote afanye zaidi kwenye ardhi atakayoshindania.